Vidonge Tulivyomeza Wawili

Nilimwonea wivu dada yangu kwa miaka mingi, na kwa wivu huo nusura nimharibie shingo. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma kabla ya wakati. Wanaosimulia ugonjwa wao huanza kwa kumshukuru Mungu na madaktari. Mimi pia nashukuru, sana tu. Lakini kuna dada mmoja tulikaa naye benchi moja maabara, mikono yake inatetemeka kama ilivyokuwa yangu, akaniomba nimweleze nilipitia nini mpaka nikafika hapa. Nikimweleza nusu nitakuwa nimemdanganya.

Naitwa Doto. Ukiwa mtu wa kwetu umeshajua kuna Kulwa, pacha wangu. Yeye alitangulia kutoka, mimi nikamfuata, na tangu siku hiyo kila kitu yeye amekipata kwanza. Mimi ni fundi cherehani Bariadi mjini, nashona sare za shule. Kulwa ameolewa Nassa, mumewe analima mpunga, na Mungu amewapa watoto wanne. Mimi na mume wangu Masanja, ambaye anafanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba, tulikuwa na miaka saba ya ndoa na mimba mbili zilizoharibika. Kila Kulwa alipojifungua nilikwenda Nassa na zawadi, nikambeba mtoto, nikacheka na wageni, nikarudi Bariadi na roho inaniuma. Wengine wanaiita roho ya kwa nini. Kwa nini yeye, kwa nini si mimi, na tumelala tumbo moja.

Ugonjwa ulianza wakati wa kuvuna pamba. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, sina mbio wala hofu, moyo ukaanza kwenda mbio kama nimefukuzwa. Nikanywa maji, ukatulia, kesho yake ukarudi. Halafu likaja joto. Wenzangu wanavaa sweta asubuhi, mimi natoka jasho mpaka kitambaa cha mteja kinalowa. Halafu njaa. Nilikula ugali wa watu wawili, nikamaliza, nikatafuta viazi. Na nilivyokula ndivyo nilivyokonda. Sketi zangu nilizibana kiunoni mara tatu, na mara ya nne nikaacha, nikafunga kamba.

Mikono ndiyo iliyonitia hofu. Fundi asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano ni fundi wa nini? Nilianza kumwomba mteja anitungie, nikisingizia macho. Nikashona kola imepinda, mwalimu mkuu mmoja akanirudishia sare kumi na mbili, hakunisema, alizikunja tu vizuri akaziweka mezani. Nililia baada ya yeye kuondoka.

Watu mjini walishanipa ugonjwa wao. Ukikonda Bariadi, una ngoma, yaani ukimwi. Nikaenda kupima, nikaonekana sina, lakini utamwonyesha karatasi nani? Huwezi kuibandika kwenye paji la uso. Nikatibiwa malaria mara mbili, vidonda vya tumbo mara moja. Mama mmoja jirani akaniambia kwa upole kwamba kuna mtu ananichezea na anamjua mganga upande wa Mwanhuzi. Sikwenda. Si kwamba nina imani kubwa sana, niliogopa tu mganga asije akamtaja ninayemfikiria mimi.

Mwisho tabibu mmoja kijana aliniangalia macho, akaniambia nimeze mate, akaniambia tena. Akasema, "Dada, hii shingo yako hujaiona? Kuna tezi hapo. Nenda Mwanza ukapime homoni."

Nilipompigia mayu simu, yaani mama yetu, hakuniuliza homoni ni nini. Aliuliza, "Kulwa ameshajua?"

"Mgonjwa ni mimi, mayu."

"Nimesikia. Nimeuliza, Kulwa ameshajua? Mtakwenda wote."

Hapa inabidi nieleze mambo ya nyumbani kwetu. Mayu alitulea kwa kusawazisha. Gauni likinunuliwa la mmoja, linanunuliwa na la pili. Mmoja akichapwa, na mwenzake anaguswa kiboko kidogo. Na dawa, hasa dawa. Kulwa akiugua malaria, mimi mzima nilinyweshwa ile chungu na mimi, kwa sababu mayu aliambiwa na mama yake, na yeye na wa kwake, kwamba pacha mmoja akinywa dawa peke yake ugonjwa unamhamia mwenzake, au unakataa kutoka kwa kuwa umebakiziwa nyumba ya pili. Tulikua hivyo. Hatukuwahi kuona ni ajabu.

Basi tulikwenda wote. Kulwa alipandia Nassa, na gari liliposimama njiani nikamwona anakuja, kitenge kipya, mashavu yamejaa, anatembea bila haraka. Nataka unielewe hapa, wewe ambaye huna pacha. Wewe ukikonda unaikumbuka tu sura yako ya zamani, na kukumbuka kunafifia. Mimi yangu ilikuwa inatembea. Ilipanda gari, ikakaa karibu na mimi, ikaniuliza, "Mhola?" kama tunavyosalimiana, uko salama. Nikamjibu mhola, nikageukia dirishani.

Hospitali ile kubwa ina benchi refu la mbao nje ya chumba cha daktari wa homoni. Tulikaa pale tangu asubuhi na njaa, kwa sababu kila mtu alituambia kipimo cha damu hupimwa bila kula. Kwa ugonjwa wangu njaa ile ilikuwa mateso. Nesi wa mlangoni aliposikia alishangaa. "Nani kawaambia? Kipimo cha tezi unakula tu. Sema kama kuna dawa unazotumia, hilo ndilo la maana." Shika hilo wewe unayekwenda. Sisi tulishaiva njaa.

Nesi yule akatuambia tunyooshe mikono mbele, viganja vikiangalia chini, akaweka karatasi moja juu ya vidole vyangu na nyingine juu ya vya Kulwa. Karatasi yangu ikaanza kucheza. Ilipiga kelele kabisa, ile kelele ndogo ya karatasi, mpaka mzee aliyekaa benchi la pili akageuka. Ya Kulwa ilitulia kama iko mezani. Nesi akamwambia Kulwa, "Wewe huna shida," akamchekea. Nilitamani kumpiga mtu, na sikujua nianze na nani.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwetu kwa umri, mwenye miwani na sauti ya chini. Alisimama nyuma yangu akanishika shingo kwa vidole vya mikono miwili, akasema meza, meza tena. Wakanichukua damu, wakanipaka mafuta ya baridi shingoni wakanipitisha ultrasaundi, wakanibandika nyaya kifuani kupima moyo. Kulwa naye daktari alikubali apimwe damu, akasema ugonjwa huu unapenda kutembea ndani ya familia na kwa mapacha ni vizuri kujua. Majibu ya damu tukaambiwa turudi baada ya siku mbili. Tulilala kwa ndugu za Masanja. Nilimwomba Mungu mambo mawili, la kwanza nipone. La pili sikulisema kwa sauti, nalisema leo: niliomba na damu ya Kulwa ionekane ina kitu. Kidogo tu.

Ilikuwa safi. Daktari alilisema neno hilo huku anafunga faili la Kulwa. Mimi tezi yangu ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, bila kuamrishwa na mtu, ndiyo maana moyo, joto, njaa na mikono. Nikamuuliza lile moja nililolijia.

"Na mtoto?"

"Mimba zilizoharibika, inawezekana kabisa ilikuwa hii. Tukiituliza damu yako ikae sawa kwa muda mrefu, nitakuruhusu ujaribu. Kabla ya hapo, usijaribu. Nakuomba."

Kwa hiyo kila kitu kilisimama pale. Mtoto wangu alikuwa upande wa pili wa karatasi ya maabara. Daktari akaniandikia vidonge vinne kwa siku, nirudi kupima baada ya wiki sita. Akanionya nikiumwa koo au nikipata homa niache vidonge nikimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Kulwa alikuwa ametoka nje kuongea na mumewe kwenye simu. Daktari alipokuwa ananipa karatasi akasema la mwisho: "Dawa hizi ni zako peke yako. Mtu mwenye tezi nzima akizimeza, zinaizima. Asizimeze mtu mwingine yeyote." Nikasema nimeelewa.

Nilihamia kwa mayu, nje kidogo ya mji, ili nipumzike. Kulwa akaja kuniuguza, akawaacha watoto wakubwa kwa mama mkwe, akaja na yule mdogo anayenyonya kidole. Hakuna aliyemwomba. Alikuja tu, kama mkono wa kulia unavyokuja kusaidia wa kushoto.

Asubuhi ya kwanza mayu alimwaga vidonge kwenye sahani ya bati, akavihesabu, akaniuliza, "Daktari amesema Kulwa anywe vingapi?"

Kulwa alikuwa amekaa pale pale, anamenya viazi. Mimi nilikuwa na neno la kusema, nalijua, liko mdomoni. Nikamtazama Kulwa, mikono yake iliyotulia na kisu, mtoto wake amelala mapajani. Nikasema, "Hakusema."

"Basi mtagawana," mayu akasema, na akasukuma viwili huku, viwili kule.

Tukameza pamoja, kwa uji, kama zamani. Nilimwangalia koo lake likipanda na kushuka. Nataka niliseme hili bila kulipamba: nilisikia raha. Wala sikutaka afe wala aumwe sana. Nilitaka tu na yeye aonje, kwamba asubuhi akiamka kuna kitu kichungu kinamngoja. Na baada ya hapo roho yangu ilikuwa nyepesi. Nilianza kumchokoza, nikamkumbusha alivyoangukia kwenye tope mbele ya wachumba, tukacheka mpaka mayu akatufukuza jikoni. Kila asubuhi ikawa hivyo. Tunameza, tunaongea. Ikifika mchana, akimnyanyua mtoto wake tu, naanza kununa upya.

Wiki sita ziliisha mvua zikiwa zimeshika na watu wanapanda pamba. Nikarudi Mwanza, mkono ukafungwa mpira, sindano ikaingia, nikangoja. Daktari akakunja uso. "Imeshuka, lakini kidogo mno. Unazimeza kila siku?"

"Kila siku."

"Vinne?"

"Vinne," nikasema. Na vilikuwa vinne kweli, kwenye sahani. Akaongeza, vikawa vinane.

Kwa hiyo vinne vyangu, vinne vya Kulwa.

Mwezi uliofuata nilianza kupata nafuu. Usingizi ukaja. Nikaweza kutunga uzi, siku moja, jaribio la tatu, na niliuacha ule uzi kwenye sindano siku nzima ili niuone. Ungedhani ningetulia. Lakini Kulwa naye alikuwa ananenepa. Mashavu yalijaa, mikono ikawa laini, ngozi ikang'aa kwa kuvimba. Alilala mchana, alijifunika kitenge hata jua likiwaka. Shingo yake ikawa nene, na kwetu shingo nene ya mwanamke ni sifa. Wanawake wakija kunisalimia mimi mgonjwa walimsifia yeye. "Kulwa umenawiri, kwa mama kumekukubali." Masanja alikuja Jumapili moja kuniona, akakaa, akanywa maji, akasema bila ubaya wowote, "Kulwa amependeza siku hizi."

"Mwoe basi," nikamwambia.

Akacheka akidhani ni utani. Mayu hakucheka. Siku mbili sikuongea na mume wangu, na yeye mpaka leo anafikiri nilinuna kwa sababu hakuniletea sukari.

Unaona nilivyokuwa. Dada yangu alikuwa anaumwa mbele ya macho yangu, kwa dawa yangu, na mimi naona anapendeza. Nilikuwa naonea wivu uvimbe. Nilifika hata kuwaza kwamba ana mimba ya tano na ananificha.

Tulikwenda Mwanza mara ya tatu wakati wa palizi. Kulwa akanisindikiza maana mayu alisema nisiende peke yangu. Alivaa sweta. Kwenye benchi wote tunajipepea, yeye amevaa sweta la mumewe, amesinzia, kichwa kimeegemea ukuta. Jina langu likaitwa, wakainuka akina Doto watatu, nesi akasoma na la baba, nikabaki mimi. Kulwa akaingia nyuma yangu.

Daktari alinisalimia, halafu akamsalimia yeye, na Kulwa alipoitika sauti yake ilitoka nzito, imekwaruza. Daktari akaacha kalamu.

"Sauti yako imekuwa hivyo tangu lini?"

"Mafua," Kulwa akasema.

Daktari akainuka, akasimama nyuma ya Kulwa, si nyuma yangu. Akaweka vidole. Meza. Meza tena. Akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. "Unatumia dawa yoyote?"

Kulwa alisema, "Hapana." Alilisema upesi, macho yameangalia sakafu. Nami nikanyamaza.

Wakamchukua damu, wakampitisha ultrasaundi. Zile siku mbili za kungoja majibu ndizo ninazoziona aibu kuliko zote. Ndugu za Masanja walimtandikia Kulwa godoro zuri, wakamwuliza atakula nini, na mimi kwa mara ya kwanza nikakaa upande wa wazima. Nilifurahi. Kipande kimoja cha roho yangu kilifurahi kabisa, kikasema sasa na yeye ajue. Kipande kingine kilianza kuhesabu, tangu Oktoba, vidonge vingapi, na hakikutaka kufika mwisho.

Siku ya majibu daktari alitukalisha wote wawili. Mimi, akasema, dawa haifanyi kazi inavyotakiwa, na kama mambo ni haya anafikiria kunipeleka kwa wapasuaji waikate tezi. Kisha akamgeukia Kulwa. Tezi yake ilikuwa imezimika. Kipimo kilichokuwa safi miezi minne tu iliyopita sasa kilikuwa juu sana, na hiki hupanda tezi ikilala. Tezi yenyewe imevimba, na hapendi ilivyovimba haraka namna hiyo. "Wiki ijayo tutaichoma sindano tuchukue kipande tuangalie kuna nini ndani. Na tutakuanzishia dawa ya homoni. Ujiandae, pengine utaimeza maisha yako yote."

Kulwa akaitikia kwa kichwa. Alifunga vifungo vya sweta. Hakuniangalia, na nilielewa kwamba atakubali. Atachomwa sindano ya shingo, atameza dawa ya maisha, na hatanitaja.

Nikasema, "Anameza dawa zangu."

Daktari hakusikia vizuri, au hakutaka. Nikarudia. "Tunagawana. Tangu mwanzo. Nusu kwa nusu."

Alivua miwani. Aliniuliza, "Nilikuambia nini siku ile?"

"Uliniambia asimeze mtu mwingine."

"Na ulielewa?"

"Nilielewa."

Hakunigombeza. Aliandika kwa muda mrefu, akifuta na kuandika tena, akafuta na habari ya upasuaji wangu. Akasema Kulwa aache vidonge leo hii, sindano isichomwe kwanza, tupime tena baada ya wiki sita na kama Mungu akipenda tezi itaamka yenyewe. Mimi nimeze vyote vinane, mwenyewe. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba kwa kugawana nilitunyima afya sote wawili. Ningekuwa nimeshatulia kama nisingegawa. Ile miezi minne niliyokuwa namwonjesha Kulwa uchungu ilikuwa ni miezi ya mtoto wangu mwenyewe, na niliitoa mimi.

Nyumbani nilimwambia mayu ukweli, kwamba nilikatazwa nikanyamaza. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta.

"Ungeniambia hutaki nigawe, ningeacha."

"Nilitaka ugawe, mayu."

Karibu wiki nzima alinisalimia tu, mwangaluka asubuhi, mwadila mchana, basi. Kulwa alirudi Nassa kwa watoto wake. Mimi nikaanza kumeza vinane peke yangu, na ile asubuhi ya kwanza vilikuwa vigumu kushuka.

Kwa unayengoja majibu, haya ndiyo mengine yote kwa kifupi. Damu ya Kulwa ilirudi kuwa safi, mvua za mwisho zikiwa zinaisha, na shingo ikarudi yake. Yangu ilichukua msimu mzima wa pamba na nusu ya mwingine. Nilipima kila baada ya wiki sita, baadaye kila miezi mitatu. Utazoea sindano, hutazoea kungoja. Nywele zitakatika halafu zitaota. Utanenepa, na utakuwa mtu wa kwanza kufurahi kwamba sketi inabana. Mpelekee daktari karatasi zako zote za zamani, usiache hata moja. Na dawa yako usimpe mtu, hata kama mlilala tumbo moja, hata kama mama anasema, hata kama roho yako inakutuma. Nilipoachishwa vidonge daktari alingoja majibu mengine mawili, ndipo akaniruhusu. Sasa naandika nikiwa na ujauzito wa miezi sita. Napimwa tezi kila mwezi, na mpaka sasa damu imetulia. Sijanunua nguo za mtoto bado. Naogopa.

Wivu, nao, sitakudanganya kwamba umekwisha. Kulwa akiniambia mtoto wake wa kwanza ameanza shule ya bweni, nasikia kitu kinanichoma pale pale pa zamani. Tofauti ni kwamba siku hizi nakijua kinapoanza.

Kuna jambo nimeliruka, na nimeliruka makusudi. Ni la siku tuliyokwenda kuchukua yale majibu ya Kulwa, baada ya zile wiki sita bila vidonge, tukiwa bado hatujui kama tezi yake imeamka au imekufa. Tulikaa kwenye benchi lile lile. Sauti yake ilikuwa bado nzito kidogo. Nilikuwa sijamwomba msamaha. Kwa daktari nilisema, kwa mayu nilisema, kwake yeye sikuwa nimesema kitu, na alikuwa hajaniuliza.

Nikamwambia, "Kulwa, siku ile mayu aliponiuliza, nilisema uongo. Daktari alikuwa amenikataza."

"Najua."

"Ndiyo, ulisikia nilivyomwambia daktari."

"Nilijua kabla," akasema. "Siku ile ya kwanza ulipokwenda dirisha la dawa nilimuuliza nesi kama na mimi nimeze, maana nilijua mayu atagawa. Akasema nisithubutu."

Watu walipita na faili zao. Nikamuuliza, "Sasa ulimeza kwa nini?"

Alifikiria, kama mtu aliyeulizwa jambo la kawaida na anataka kulijibu vizuri.

"Tangu nimzae yule wa kwanza ulikuwa huongei na mimi, Doto. Unakuja, unaleta zawadi, unaondoka. Asubuhi tukishameza, ulikuwa unaongea."

Wakamwita dirishani. Akainuka, akakaza kitenge chake, akaenda kuchukua majibu.